Mlango Wangu Uko Wazi, Mafua Yabaki Nje

Mimi ni mama wa makamo, mkazi wa Temeke, Dar es Salaam, na nina saratani ya pafu la kulia. Sijawahi kuvuta sigara. Nimepika kwa kuni tangu utotoni kwetu Muheza, nikaja kupika kwa mkaa mjini, nimelea watoto, nimeozesha na nimezika. Natoa ushuhuda huu kwa ajili ya jambo moja lililobadilisha nyumba yangu na ukoo wangu: namna tunavyomjulia hali mgonjwa. Nimejifunza kwa mwili wangu mwenyewe kwamba mwenye saratani ya mapafu anaweza kustahimili dawa kali, akastahimili na mionzi, kisha akaangushwa na mafua aliyoletewa na mtu anayempenda.

Kwetu sisi watu wa Pwani, mgonjwa haachwi peke yake. Habari ikishaenea kwamba fulani hajiwezi, watu hawakatiki. Huja na uji, na madafu, na machungwa ya Muheza. Huingia mpaka chumbani, wakakaa ukingoni mwa kitanda, wakakushika mkono na kukusomea dua uso kwa uso. Watoto huletwa wambusu bibi mkono. Asiyefika hunung'unikiwa, na siku akija atatafuta maneno ya kujitetea. Hata mwenye kuumwa hujikaza, akajifunga kanga kichwani na kuja hivyo hivyo akikohoa, na watu wakamsifu: "Angalia, naye mwenyewe hajiwezi lakini kaja." Akiulizwa anaumwa nini, hujibu, "Mafua tu." Desturi hii imenilea, na siku nilizokata tamaa ndiyo iliyoninyanyua. Siisemi vibaya. Nasema tu kwamba ilipokutana na ugonjwa wangu, ilibidi ijifunze njia nyingine.

Kikohozi changu kilichelewa kujulikana. Makohozi yalipimwa kifua kikuu, hayakuonyesha kitu, na bado kituo kimoja cha afya kilinianzishia dawa za kifua kikuu. Kwetu kikohozi kisichokwisha hudhaniwa hivyo kwanza, na wagonjwa wengi wa saratani ya mapafu niliokutana nao baadaye wamepita njia hiyo hiyo. Kilichosema kweli ni picha ya siti skani na kinyama kilichochukuliwa pafuni kikapimwa maabara. Nikapelekwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, nikapangiwa kemo, yaani dripu za dawa kali za saratani, na mionzi.

Siku ya kemo ya kwanza muuguzi aliniambia, kwa sauti ya upole kama binti yangu: "Mama, baada ya dripu hii, kuanzia kama wiki moja mpaka wiki mbili mbele, kinga yako itakuwa chini kabisa. Mwenye mafua asikusogelee." Nilimwelewa vizuri. Lakini kuelewa ni jambo moja, na kumwambia wifi yako aliyepanda basi kutoka Tanga kwamba asikushike mkono ni jambo jingine. Kwetu maneno hayo yalikuwa hayajawahi kusemwa na mtu.

Wifi huyo alikuja na wenzake walipokuwa wametoka harusini Tandika. Walikuwa wengi, wamelala chumba kimoja siku za harusi, na mafua yalikuwa yamewapitia karibu wote. Walisema hawawezi kurudi Tanga bila kuniona. Wakanikumbatia, tukacheka, wakanisimulia harusi yote mpaka nikajiona nimeihudhuria. Ilikuwa siku njema kwangu.

Siku chache baadaye pua ilianza kutiririka. Kisha koo, kisha usiku mmoja nikatetemeka kwa baridi ilhali Dar es Salaam ina joto la kufungua madirisha. Nilitaka kumeza Panadol nilale. Binti yangu akanizuia, akatia kipimajoto kwapani: 38.6. Akapiga simu namba iliyoandikwa kwenye kadi yangu ya kliniki, akaambiwa aniwahishe hospitali usiku ule ule, na Panadol isubiri mpaka nifike, kwa sababu inashusha joto na kumficha daktari kile anachotakiwa kukiona.

Nililazwa. Damu ilionyesha chembe nyeupe zimeshuka sana. Picha ya kifua ilionyesha nimonia upande ule ule wa uvimbe. Kipimo cha haraka cha Uviko-19 kilisema sina. Nikawekewa oksijeni, nikachomwa antibiotiki kwenye mshipa. Ni virusi gani hasa vilivyonianza sikuambiwa, na daktari alisema kwa wakati ule lililo muhimu ni kuniokoa. Kuna siku pale wodini nilihesabu maneno kabla ya kuyasema, maana sentensi ndefu ilikuwa inanikata pumzi.

Nilipopata nafuu, mwanangu wa kiume alimwuliza daktari: iweje mafua yaliyomwacha shangazi yake, yule wifi yangu, anapika pilau yamlaze mama kwenye oksijeni? Majibu aliyotupa ndiyo yaliyobadilisha kila kitu nyumbani, nami nayaeleza hapa kadiri nilivyoyashika.

Njia za hewa za mtu mwenye afya zina vinyweleo vidogo mno ambavyo kazi yake ni kama ya mfagizi asiyepumzika: husukuma juu makohozi, vumbi na vijidudu. Virusi vya mafua huharibu utando ule wenye vinyweleo. Vinyweleo hivyo vinapolala, bakteria waliokuwa wametulia kooni hushuka chini bila kizuizi. Ndiyo maana mtu huanza na mafua, akaonekana anapata nafuu, kisha akarudi kuanguka na nimonia.

Kwa mwenye saratani ya mapafu, hilo linakuta mambo mengine yameshaharibika. Uvimbe unaweza kuwa umeziba au kubana njia ya hewa, makohozi yakakwama nyuma yake, na palipokwama makohozi bakteria huzaliana. Kemo imeshusha chembe nyeupe. Dawa za steroidi, kama deksamethasoni, ambazo wengi wetu hupewa pamoja na kemo, nazo huilegeza kinga na zinaweza kuizima homa isionekane. Mionzi inaweza kuacha sehemu ya pafu imevimba. Waliovuta sigara, au waliovuta moshi wa jikoni miaka na miaka, mara nyingi wana mapafu yaliyochoka kabla hata ya saratani. Mtu mwenye afya akipoteza sehemu ya pumzi yake kwa wiki moja, anayo akiba. Sisi akiba hiyo tumeshaitumia kuishi. Tena kwa mtu mwenye kinga dhaifu virusi havitoki upesi. Vinaweza kubaki mwilini wiki nyingi, na yeye mwenyewe akaendelea kuwaambukiza wagonjwa wenzake.

Kuna jambo jingine ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria nyumbani kwetu. Mionzi yangu ilisimama katikati. Kemo iliyofuata ikasogezwa mbele, maana huwezi kumtia dawa ya kushusha kinga mtu ambaye kinga yake imeanguka na kifua kinawaka. Daktari alisema wazi kwamba mionzi ya saratani ya mapafu hupangwa bila mapengo kwa sababu seli za saratani zilizobaki huitumia nafasi hiyo kuongezeka tena. Hapo ndipo nilipoelewa ukubwa wa jambo. Yale mafua hayakuugusa uvimbe wangu, lakini yaliniibia muda wa tiba, na kwa mgonjwa wa saratani muda wa tiba ni uhai.

Mwanangu huyo ni mfamasia. Alinisomea utafiti uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la Lancet Oncology, ulioongozwa na daktari Marina Garassino wa Milan, Italia. Walikusanya habari za wagonjwa 200 wenye saratani ya mapafu na saratani nyingine za kifua waliopata Uviko-19 katika nchi 8. Waliolazwa walikuwa 152. Waliofariki walikuwa 66, yaani karibu mmoja katika kila watatu. Zilikuwa siku za mwanzo za janga, chanjo hakuna, na waliopimwa wengi walikuwa wameshazidiwa, hivyo hesabu hiyo haiwezi kuchukuliwa kuwa ndiyo ya leo. Hata hivyo ilinionyesha tulivyo wepesi kuanguka. Na si korona peke yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba homa ya mafua ya msimu huua watu kati ya 290,000 na 650,000 duniani kila mwaka kwa matatizo ya upumuaji. Viko virusi vingine vingi, hata vile vinavyomtoa mtoto wa chekechea kamasi siku tatu akarudi kucheza, ambavyo kwa mtu kama mimi vinaweza kushuka mpaka mapafuni.

Niliporudi nyumbani, mjomba aliita kikao cha ukoo. Alijua kama neno lingetoka kwangu lingeonekana la majivuno ya mgonjwa. Akawaambia: "Dada yenu hatumfungii mlango. Lakini kuanzia leo, mwenye mafua, kikohozi au homa haingii uani hapa mpaka apone. Akiingia, ajue anampelekea mgonjwa maradhi." Sheikh wa mtaani, ambaye alikuwa amekaribishwa, akakumbusha kwamba dini yenyewe imekataza mgonjwa kupelekwa kwa mzima, sembuse kwa mgonjwa mwenzake. Hakuna aliyebisha. Wifi yangu alilia. Nilimwambia, na leo nasema mbele ya kila asomaye, kwamba yeye hakunidhuru kwa nia. Alinipenda kwa njia tuliyofundishwa sote.

Basi nyumba ikabadilika. Viti vya wageni vikatoka sebuleni vikawekwa barazani, kwenye upepo. Ndoo ya maji yenye koki na sabuni ikakaa mlangoni, na anayeingia ananawa kabla ya kusalimia. Vijana wanaponipa shikamoo huweka mkono kifuani, nami huitikia marahaba kwa moyo ule ule. Madirisha hayafungwi mchana. Jiko la mkaa likahamia nje kabisa, maana moshi nao huchosha mapafu. Wajukuu wakitoka shule huoga na kubadili nguo kwanza. Mmoja wao akianza kupiga chafya hulala kwa shangazi yake mpaka apone, naye mwenyewe ndiye wa kwanza kusema, "Bibi, leo sikusogelei."

Kundi la simu la ukoo, ambalo zamani lilikuwa la kutangaziana misiba na michango ya harusi, sasa hutumika kuniuliza hali kila asubuhi. Kinamama wa msikitini wamejipanga kwa zamu. Wanakuja wawili wawili, wazima wa afya, na wanakaa muda mfupi. Nimegundua kwamba wageni wawili wanaokusikiliza hukupa faraja zaidi kuliko chumba kizima cha watu wanaoongea wao kwa wao. Daktari wangu alisisitiza hili: mgonjwa asifungiwe kama mfungwa, kwa sababu upweke nao unamaliza hamu ya kula na nia ya kupigana.

Ugumu ulikuwa nje ya nyumba. Njia ya kwenda kutibiwa ndiyo iliyonitia hofu zaidi. Daladala la asubuhi kutoka Temeke kwenda katikati ya jiji hujaa mpaka mlangoni, na abiria aliyebanwa kando yako hana pa kugeuzia uso akikohoa. Watoto wangu wakapanga kuchangia bajaji siku za kliniki, na pale isipowezekana naondoka baada ya msongamano wa asubuhi. Navaa barakoa garini na kwenye mabenchi ya kusubiri. Mwanzoni watu walisogea pembeni, wengine wakanong'ona kwamba nina kifua kikuu. Nikaacha kuona haya. Akiniangalia mtu sana namwambia, "Mwanangu, siumwi cha kukuambukiza. Najikinga nisiambukizwe." Wengi huona aibu, na wengine hufungua dirisha bila kuambiwa.

Ushauri nao haukukosekana. Shangazi yangu alitaka nipige nyungu, yaani nijifukize kwa mvuke, kama wengi walivyofanya wakati wa korona. Nilimshukuru na nikakataa. Mvuke hauui virusi vilivyoko mapafuni, maji ya moto huunguza watu, na kujifunika blanketi moja na watu wengine ni kugawana pumzi zao. Hata dawa za mitishamba nilimwonyesha daktari kwanza, kwa sababu baadhi hugongana na kemo.

Kuhusu chanjo nilikuwa na maswali mengi, kama Watanzania wengine wengi. Nilikumbuka tarehe 28 Julai 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alipochanjwa hadharani Ikulu kuzindua chanjo ya Uviko-19, na mabishano yaliyofuata mitaani kwetu. Daktari alinieleza bila kunilazimisha. Chanjo ya homa ya mafua ya sindano imetengenezwa kwa virusi visivyo hai, haiwezi kumpa mtu homa hiyo, na inafaa kwa aliye kwenye kemo. Ile ya kupulizwa puani ina virusi hai vilivyodhoofishwa, na hiyo sisi hatupewi. Ya sindano huchomwa kila mwaka kwa sababu virusi hubadilika, na ikiwezekana mtu achomwe wiki mbili kabla ya kuanza kemo. Ambaye ameshaanza, daktari wake humchagulia siku kati ya dozi na dozi. Kuna pia chanjo ya pneumokoki, bakteria wanaosababisha nimonia kwa wingi. Chanjo kwa mtu mwenye kinga iliyoshuka haifanyi kazi kikamilifu, ndiyo maana wanaoishi naye nao wachanjwe, wawe uzio wake. Ya homa ya mafua nilipoitafuta niliipata hospitali binafsi, kwa kulipia. Watoto walichanga, na wao wenyewe wakachanjwa. Kwetu karibu na ikweta mafua huzunguka mwaka mzima, hayana msimu mmoja kama ya Ulaya, kwa hiyo hakuna mwezi wa kusema sasa niko salama.

Baada ya mabadiliko hayo mionzi yangu ilikamilika bila kukatizwa tena, na kemo zilizobaki zikafuata tarehe zake. Sasa niko kwenye uangalizi, napigwa picha, narudi kliniki. Saratani yangu haijatangazwa kuwa imekwisha, na sidai miujiza. Nasema Alhamdulillahi kwa kila pumzi, na nawashukuru watu waliokubali kubadili desturi kwa ajili ya mtu mmoja.

Wewe mgonjwa mwenzangu, au wewe unayemuuguza, shika haya niliyoyalipia. Kuwa na kipimajoto nyumbani. Joto likifika 38 au zaidi ukiwa kwenye kemo, usimeze kitu cha kulishusha, usisubiri kukuche, nenda hospitali saa hiyo. Ukifika mapokezi sema kwa sauti, "Niko kwenye kemo na nina homa," na onyesha kadi yenye tarehe ya dripu ya mwisho, maana antibiotiki inatakiwa kuanza ndani ya saa moja. Hali hiyo haingoji foleni. Kwa homa ya mafua na Uviko-19 zipo pia dawa za kupambana na virusi vyenyewe. Zile za homa ya mafua hufanya kazi vizuri zaidi zikianzwa ndani ya saa 48 za mwanzo. Na ukiona kikohozi au pumzi imebadilika, usijitafsirie mwenyewe. Nimonia, pafu lililovimba kwa mionzi au kwa dawa za kinga zinazotumika siku hizi kutibu saratani, kifua kikuu, hata uvimbe wenyewe kukua, vyote huweza kuanza kwa dalili zinazofanana, na kila kimoja kina tiba yake. Mwachie daktari atofautishe, lakini mpe nafasi kwa kuwahi.

Na wewe uliye mzima, ambaye una jamaa mwenye saratani ya mapafu, nakuomba kama mama. Wifi yangu yule siku moja alikuja Dar es Salaam akiwa na mafua. Alisimama getini, akaniita kwa sauti, akaacha chupa ya uji juu ya kiti na kurudi nyuma, tukaongea tukiwa mbali. Sijawahi kupendwa zaidi ya hivyo. Fanya kama yeye. Ukiwa na mafua, piga simu, tuma nauli ya bajaji, peleka uji mpaka mlangoni, omba dua ukiwa kwako. Ukishapona, njoo ukae nasi barazani. Kumjulia hali mgonjwa ni wajibu wetu sote, na sehemu ya kwanza ya wajibu huo ni kutomzidishia ugonjwa.